Kadi ya Mujahidina

Ulikuwa Mwaka wa Kwanza kwa mara ya sita. Katika Mji wetu kila anayekamata kiti cha utawala huanza kuhesabu upya, kwa hiyo mimi nimeshakuwa na miaka ishirini na saba mara tatu, na kuna kipindi nilikuwa mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Usinionee huruma, nimezoea. Magoti ndiyo hayajazoea. Yenyewe yanahesabu kivyake, na ukinisikia napanda ngazi za Jumba la Kamusi utaujua umri wangu bila kuomba cheti.

Mji wetu hauna sheria, una kamusi. Anayetaka kuingia huleta hati yenye neno moja, karani wa Lango hufungua kitabu, husoma maana ya neno lile, kisha hufanya kama maana inavyosema. Mkulima: mtu alimaye, anayefaa. Apite. Mzururaji: mtu asiyefaa. Arudi alikotoka. Hakuna anayegombana na karani kwa sababu karani hakuamua kitu, amesoma tu. Wala hakuna anayegombana nasi tulioandika, kwa sababu sisi hatujawahi kumwona mtu yeyote akirudishwa. Tunakaa orofa ya tatu, madirisha yetu yanatazama ua wa ndani, na ndani ya ua ule mna ukuta mwingine. Nilikuwa nikiona ni utaratibu mzuri sana. Kila mtu analala usingizi wake.

Mimi ni Zaituni, mwandishi wa kadi za herufi ya M. Kanuni ya kazi yetu ni moja, na tulifundishwa kwa viboko: neno halipewi maana mpaka wapatikane mashahidi watatu waliolitumia. Unaandika shahidi wa kwanza kasema nini, wa pili kasema nini, wa tatu kasema nini, halafu chini unaandika maana na kutia sahihi. Kadi inaingia kwenye mtoto wa meza. Ukurasa unafungwa adhana ya alasiri, na ukishafungwa haufunguliwi mpaka aje mtawala mwingine na Mwaka wa Kwanza mwingine.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kufungwa ukurasa wangu. Nilikuwa nakunywa kahawa yangu kwa raha zangu mlango uliposukumwa na mwanamke wa makamo, kajifunga kanga kiunoni namna ya mtu aliyekuja kazini, si kusalimia.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kupanda?"

"Hakuna aliyenizuia. Naitwa Mwanamvua. Mume wangu amesimama Langoni siku ya tisa leo. Karani kamwambia, leo ukurasa unafungwa, na maana ikiwa ile ile anarudishwa milimani, hana ruhusa ya kukanyaga hapa tena."

"Hati yake imeandikwa nini?"

"Mujahidina."

Niliweka kikombe chini. Si kwamba neno lilinitisha. Nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na mkono wangu ulilikumbuka kabla kichwa hakijalikumbuka. Nikavuta mtoto wa meza. Kadi zilikuwa tatu.

Kadi ya kwanza, ya Mwaka wa Kwanza wa zamani, wakati jeshi la kigeni lilipokalia Mji: *mujahidina, mpiganaji wa msituni wa Kiislamu; shujaa mtetezi wa imani na ardhi.* Kadi ya pili, ya Mwaka wa Kwanza uliofuata, wageni wameshaondoka na makamanda wa milimani wamegeukiana wenyewe: *mujahidina, mpiganaji wa msituni, mtu wa kundi lenye silaha.* Uislamu umeondoka, shujaa kaondoka, ardhi imeondoka. Kadi ya tatu: *mujahidina, mhalifu ajifichaye milimani, hafai.* Mwandiko mmoja. Sahihi moja. Zote ni zangu, na zote nimeziandika kwa herufi nzuri za mviringo ambazo hadi leo ninajivunia.

Kisha nikatazama mashahidi. Kadi ya kwanza, shahidi wa kwanza: Redio ya Mji, taarifa ya asubuhi. Wa pili: Redio ya Mji, taarifa ya mchana. Wa tatu: Redio ya Mji, taarifa ya jioni. Kadi ya pili vivyo hivyo. Kadi ya tatu pia. Mashahidi tisa, mdomo mmoja. Na hii ndiyo aibu yangu, naisema wazi: haikuwa hila. Ilikuwa uvivu. Redio yetu inatoka ukutani, haizimwi, nami nilikuwa nimekaa karibu na ukuta.

"Na wewe mwenyewe unasema ni nini, mujahidina?" nikamuuliza Mwanamvua.

"Mimi sikuja kusema. Nimekuja kumchukua mume wangu."

Nilimpelekea Bwana Alawi, mhariri mkuu, zile kadi tatu. Bwana Alawi ni mtu mpole, kanzu yake haina hata kunyanzi moja, na hajapata kuniinulia sauti. Alizitazama, akatabasamu.

"Umeandika vizuri, Bi Zaituni. Tega sikio ukutani, chukua mashahidi wapya watatu, tufunge."

"Ukuta si shahidi, bwana."

"Miaka yote hii ulikuwa nini?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nilichukua kadi tupu, nikachomeka kalamu kwenye ushungi, nikateremka ngazi. Sijapata kuteremka ngazi zile saa za kazi. Bwana Alawi aliniita kwa upole hadi orofa ya kwanza, halafu akaacha.

Nje, mitaa ilikuwa imehama kidogo. Huhama kila utawala unapobadilika, na asiyetoka mara kwa mara hupotea. Kuta zilikuwa zinasoma taarifa, kila nyumba ikidakia pale nyumba ya jirani ilipoishia, hata ukitembea unaisikia habari nzima bila kusimama. Kwenye kona ya wauza maua nilipishana na mimi mwenyewe wa miaka ishirini na saba, nakimbilia kazini na vidole vimejaa wino. Nilitaka kumshika mkono. Akanitazama jinsi vijana wanavyotazama wazee walio njiani, akasema samahani mama, akapita. Mwanamvua hakushangaa. Alisema yeye hukutana na ujana wake kila Ijumaa, wanasalimiana tu.

Nikawa natembea na kuwaza, na mawazo yalikuja vipande vipande kwa sababu nilikuwa nahema.

Neno hili lina ndugu. Juhudi ni ndugu yake. Kujitahidi ni ndugu yake. Jihadi pia. Mama anayebeba ndoo ya maji hadi orofa ya tano yuko kwenye ukoo huo huo, na hakuna redio inayomtaja.

Nani analimiliki jina, aliyepewa au aliyempa?

Maana mtu akiitwa shujaa asubuhi na mhalifu jioni, naye mchana kutwa alikuwa amekaa juu ya jiwe lile lile, basi aliyetembea ni nani?

Na kama waliotembea ni sisi, kwa nini anayetakiwa kurudi ni yeye?

Pumzi ikaniishia hapo. Tulikuwa tumefika.

Lango la Mji ni meza. Usitegemee minara. Ni meza ya mbao yenye kitabu juu yake, nyuma yake kakaa karani, na mbele yake umechorwa mstari wa chokaa ardhini. Huku ni Mji, kule si Mji. Hakuna ukuta kushoto wala kulia. Mtu angeweza kuzunguka meza kwa hatua kumi akaingia, na katika historia yote hajatokea aliyezunguka. Karani aliitwa Msabaha, mtu wa miaka hamsini hivi, kanyoa vizuri, kalamu zake kazipanga kwa urefu.

Ng'ambo ya mstari alisimama mwanaume mwembamba mwenye ndevu za mvi, koti limemzidi, hati kaiweka kwenye karatasi ya nailoni isilowe. Huyo ndiye Mwinyihaji, mume wa Mwanamvua. Miguuni alivaa kubazi za ngozi zilizoshonwa vizuri mno, mshono wa fundi.

Nilijitambulisha. Nikamwambia karani nataka mashahidi watatu wa neno, kwa mdomo, hapa hapa. Msabaha alisema jambo hilo halijapata kufanyika. Nikamwambia hata mimi kunyanyuka kitini halijapata kufanyika, na magoti yangu ni ushahidi. Hakucheka, ila alinisogezea kiti chake.

Nikaandika: shahidi wa kwanza, Mwinyihaji, fundi viatu.

"Wewe ni mujahidina?" nikamuuliza.

"Wameandika hivyo." Akainua hati. "Mimi nilikuwa fundi kubazi, kibanda changu kilikuwa nyuma ya msikiti. Wageni walipoingia na vifaru wakakivunja kibanda, wakamvunja na mtu aliyekuwa ndani, mteja wangu, alikuwa anangoja kubazi yake. Nikapanda mlimani. Nilipanda kwa hasira, Bi Mkubwa, nisikudanganye kwamba nilipanda kwa dini. Dini nilikuwa nayo tangu zamani na haikuwa imenipeleka popote. Siku moja tukasikia redioni kwamba sisi ni mujahidina. Vijana wakashangilia. Nikaona jina zuri, linanifunika, nikalivaa. Wageni walipoondoka mtawala akatuma hati hizi, tukapigiwa na ngoma."

"Halafu?"

"Halafu makamanda wakaanza kupigana wao kwa wao, nasi tukiwa chini yao. Nikaweka bunduki chini. Lakini jina halina mahali pa kuliweka. Redio ikalibadilisha nikiwa nalo mwilini. Nimekaa kule miaka mingi nashonea wachungaji viatu, kwa kuogopa kuteremka. Mwaka huu nimeogopa zaidi kufia kule."

Nikaandika yote, sikupunguza neno. Nikapiga mstari chini yake.

"Shahidi wa pili?" nikauliza, na nilikuwa namtazama Mwanamvua. Lakini aliyejibu ni karani.

"Mimi."

Msabaha alikuwa amesimama, kwa kuwa kiti chake nilikikalia mimi. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilikuwa na kaka, Nyange. Alikuwa dereva wa lori la unga. Siku moja, wakati makamanda wanapigana, walimsimamisha barabara ya chini ya mlima. Watu sita. Utingo wake alikimbia akajificha kwenye mtaro, ndiye aliyetusimulia. Alisema kaka yangu aliwauliza, nyie ni kina nani? Wakamjibu, sisi ni mujahidina. Akasema, alhamdulillahi, kama ni mujahidina basi niko salama. Ndilo neno lake la mwisho." Akazinyoosha kalamu zake, ingawa zilikuwa zimenyooka. "Andika. Huyo ndiye shahidi wa pili. Kaka yangu alilitumia."

Niliandika. Herufi zangu za mviringo zikatoka vibaya, lakini sikuzirudia. Nilijiona mdogo sana. Mara tatu nimelitia neno hili maana, na katika zote tatu hakuna mahali palipokuwa na mtu aliyeliamini akafa nalo mdomoni.

Kuta za Mji nyuma yetu ziliendelea na taarifa yake. Halafu Mwanamvua akasogea mezani.

"Mimi shahidi wa tatu. Mimi neno hilo sijawahi kulitamka mpaka leo asubuhi, lakini nimeletewa msiba nalo. Ulikuwa ule Mwaka wa Kwanza wa wageni. Redio ikasema mujahidina Mwinyihaji, fundi kubazi, amekufa shahidi mlimani."

"Sikufa," akasema Mwinyihaji.

"Nakuona hukufa! Nyamaza." Akanigeukia. "Hakuna aliyekwenda kuangalia. Msikiti ulijaa mpaka barazani, akasaliwa sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Na imamu alipomaliza akauliza kama anavyouliza kwenye jeneza lolote: mnamjuaje marehemu? Msikiti mzima ukajibu, mtu mwema. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nilisikia. Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, sikupaka hina, sikutia uturi, namlilia mtu ambaye kumbe yu hai huko mlimani."

Mwinyihaji alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mlinisalia?"

"Tulikusalia. Tena kwa safu saba." Mwanamvua akamtazama karani. "Na safu ya mbele alikuwepo huyu bwana. Sauti yake ilizidi zote. Mtu mwema, alisema, mtu mwema, mara tatu. Na alikuja amevaa kubazi ulizomshonea."

Msabaha alitazama pembeni.

"Nilimtolea ushahidi marehemu," alisema. "Huyu yu hai."

"Kwa hiyo kosa lake ni kuishi?"

Mimi nimezungukwa na kamusi tangu utotoni, na sijapata kukuta swali lililosimama sawasawa namna ile. Nililiandika pia. Kisha nikageuza kadi na kuandika maana, na kwa mara ya kwanza sikujua sentensi itaishia wapi nilipoianza:

*Mujahidina: jina aitwalo mpiganaji wa msituni wa Kiislamu. Wengine hupewa na wanaowahitaji, na kunyang'anywa na hao hao. Wengine walijipa wenyewe. Yupo aliyelivaa akamtetea jirani, yupo aliyelivaa akamuua mtu aliyeliamini. Neno hili halimjui mwenyewe. Aulizwe yeye, na aulizwe aliyelitamka.*

Nikatia sahihi. Nikampa karani. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, akatafuta neno la mwisho ambalo halikuwepo.

"Hii haisemi apite."

"Haisemi."

"Wala haisemi arudi."

"Wala."

"Sasa atakayesema nani?"

"Wewe, bwana."

Msabaha alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Na kweli nilikuwa nimemwibia, nilimwibia kitabu chake. Aliketi ukingoni mwa meza, jambo ambalo nadhani halijapata kufanyika pia. Niliona anatafuta mahali pa kuegemea na hapakuwepo. Mji wote ule, na hatua kumi tu za kuzunguka meza, na kitu pekee kilichokuwa kinatulinda sisi kwa sisi kilikuwa maana zilizokwisha kuamuliwa na mtu ambaye hayupo. Niliogopa. Nilijua akisema arudi, nitakuwa nimemfungulia njia ya kusema hivyo kwa mdomo wake, na Mwanamvua ataondoka na ushahidi mzuri na mikono mitupu.

Alasiri ilikuwa inakaribia. Msabaha akainuka, akaenda hadi mstarini, vidole vya miguu yake vikagusa chokaa.

"Barabara ya chini ya mlima," alisema. "Siku ya lori la unga. Ulikuwepo?"

Mwinyihaji angeweza kusema hapana ikaisha. Hapana hiyo ilikuwa kweli, na ilitosha. Niliona kinywa chake kikiliandaa neno, nikaona akilimeza.

"Sikuwepo. Lakini wale sita walipita kwangu siku moja kabla. Wawili niliwashonea kubazi zilizokatika. Sikuwauliza wanakwenda wapi. Niliona nyuso zao, nilijua hawaendi pema, na sikuwauliza. Waliporudi nilisikia walichofanya. Siku hiyo ndiyo niliyoweka bunduki chini." Akaongeza, "Siku moja nimechelewa."

Mwanamvua alifumba macho. Mimi kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi, sikuandika, kwa sababu hilo halikuwa la kadi.

Msabaha alisimama pale hadi niliposikia muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti, anajiandaa. Uso wake ulikuwa umevurugika kabisa, na kwa kusema kweli ulikuwa unapendeza zaidi kuliko ulipokuwa umepangwa. Akamgeukia Mwinyihaji.

"Mama yangu yu hai. Miaka yote hii anauliza nani aliyewaona watu wale, nani anajua sura zao, mwanawe alionekana na nani mara ya mwisho. Hakuna anayemjibu. Mimi humsomea maana kutoka kwenye kitabu." Akajifuta uso kwa mkono mzima. "Kesho asubuhi utakwenda kwake. Utamwambia ulichoniambia, chote, na siku ile uliyochelewa. Akikutukana utakaa. Akikufukuza utarudi kesho yake."

"Nitakwenda."

"Siwezi kukuahidi atasema nini."

"Sikuomba ahadi. Nitakwenda."

Adhana ikapanda. Ukurasa wangu ulikuwa unafungwa, kadi ilikuwa mkononi mwa karani na si kwenye mtoto wa meza, na sikujali hata kidogo. Msabaha akarudi nyuma hatua moja, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Pita."

Mwinyihaji akavuka mstari. Alivuka taratibu, akitazama chini, kana kwamba anaogopa kuukanyaga. Mwanamvua hakumkumbatia mbele za watu, alimkung'uta vumbi begani, kwa nguvu, mara nyingi kuliko lilivyokuwepo vumbi, akasema, "Eda nimeshakukalia moja. Ya pili utakuja kuikaa mwenyewe." Mwinyihaji akamshika mkono ule uliokuwa ukimkung'uta, akaushikilia. Kisha akamgeukia karani.

"Nikifika kwa mama yako kesho," aliuliza, "nimwiteje?"

Msabaha alifunga kitabu.

"Mwite mama," alisema. "Ndivyo Nyange alivyokuwa akimwita."